Mkono wa Kulia: Kujifunza Nyimbo za Rock na Soul kwa Gitaa



Nimeombwa nieleze namna mtu anavyoweza kujifunza kupiga vibao maarufu vya rock na soul vya Marekani na Uingereza, hasa vile vya miaka ya 1960 na 1970 ambavyo hadi leo vinaombwa harusini, hotelini na kwenye sherehe za ofisi. Jibu langu nalitoa mapema ili mnaotaka kunipinga mpate muda wa kujiandaa. Ugumu wa nyimbo hizi hauko kwenye kodi za gitaa. Uko kwenye wakati: lini upige, lini uzime mlio, lini ukae kimya. Kwa mpiga gitaa maana yake ni kwamba mkono wa kulia, ule unaocharaza, ndio wenye kazi kubwa, na karibu sote tunaanza kwa kuufundisha wa kushoto. Walio mashoto watageuza maneno yangu. Wasione upweke: Jimi Hendrix na Paul McCartney ni wenzao.

Tuanze na karatasi. Mwanafunzi akitaka wimbo siku hizi anafungua simu, anapata maneno ya wimbo na herufi za kodi juu yake, anayaandika. Chukua "Stand by Me" wa Ben E. King wa mwaka 1961. Karatasi itamwambia A, F# maina, D, E, mizani nane, kisha arudie mwanzo mpaka wimbo uishe. Chukua "In the Midnight Hour" wa Wilson Pickett wa 1965: ubeti wote unakwenda E na A, E na A. Chukua "Chain of Fools" wa Aretha Franklin wa 1967: kodi ni moja tu, C maina, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hesabu ya karatasi, wimbo huo ndio mwepesi kuliko zote duniani. Jaribu kuupiga mbele ya watu. Utashika C maina yako safi, vidole mahali pake, hakuna uzi unaokwaruza, na watu watakuangalia kwa adabu wakisubiri wimbo uanze.

Kilichokosekana hakimo kwenye karatasi, na hakuna karatasi inayoweza kukibeba. Nitaeleza kwa habari ya "In the Midnight Hour", kwa sababu wimbo huo unajulikana ulivyotengenezwa. Pickett alipelekwa Memphis, kwenye studio ya Stax, ambayo zamani ilikuwa jumba la sinema. Yeye na mpiga gitaa Steve Cropper waliutunga katika chumba cha Lorraine Motel, hoteli ileile ambako Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili 1968. Wakati wa kurekodi, prodyuza Jerry Wexler alitoka kwenye chumba cha mitambo akaanza kucheza mbele ya wanamuziki, awaonyeshe vijana wa wakati ule walivyokuwa wakicheza na uzito waliouweka kwenye pigo la pili. Mpiga dramu Al Jackson na Cropper wakaelewa. Wakaanza kulichelewesha pigo la pili na la nne, kwa kiasi kidogo sana, wote wawili kwa pamoja.

Sikilizeni rekodi ile na mfuate gitaa peke yake. Mkono wa kulia wa Cropper hauna mbwembwe. Kwenye pigo la pili anagonga kodi fupi, anaizima, anasubiri, kwenye pigo la nne anagonga tena, anazima. Uchelewaji ule ndio unaowainua watu vitini, na herufi E na A haziusemi hata kidogo. Huwezi kuusoma. Unausikia, unaupigia makofi, unauimba kwa mdomo, hadi mwili uuzoee.

Mfano wa pili ni Jimmy Nolen, mpiga gitaa wa James Brown tangu mwaka 1965. Nolen alishika nyuzi kwa kuzigusa badala ya kuzibonyeza hadi chini, kisha akacharaza haraka karibu na daraja la gitaa, mahali nyuzi zinapohisika ngumu zaidi. Mlio uliotoka ulikuwa mkavu, karibu na sauti ya kayamba, na kodi yenyewe ilisikika pale tu vidole vya kushoto vilipobana kwa nukta moja kisha vikalegea. Kwa maneno mengine, mkono wa kulia haukusimama kabisa, na wa kushoto ndio ulioamua kipi kisikike. Vijana wengi hupiga kinyume: wa kushoto umekaza muda wote, wa kulia unabahatisha. Wakipiga nyimbo za James Brown kwa namna hiyo, mkono unachoka kabla ya ubeti wa pili na wimbo unakuwa mzito.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi tuliolelewa na muziki wa dansi. Katika studio ya Motown kule Detroit walikuwapo wapiga gitaa watatu waliorekodi pamoja mara kwa mara: Robert White, Eddie Willis na Joe Messina. Mtu aliyekulia kwenye kumbi za Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi akisikia magitaa matatu anaelewa papo hapo: solo, second solo, rhythm. Lakini mgawanyo wao wa kazi ulikuwa mwingine. Messina mara nyingi alikaa na pigo la pili na la nne tu, akigonga sambamba na dramu. Willis aliingiza vijibu vifupi vyenye ladha ya blues pale sauti ya mwimbaji ilipopumzika. White alishika kodi nene na kuupa wimbo sura yake. Ule mwanzo wa "My Girl" wa The Temptations, uliotoka mwishoni mwa 1964, ni wa Robert White: noti zinapanda ngazi, C, D, E, G, A, kisha C ya juu, kodi ikihamia F, ngazi ileile inapandwa kuanzia F. Kipande hicho anaweza kukishika mtoto wa shule. Kukipiga kikiwa kimetulia, kila noti na upana wake, bila kukimbilia ya mwisho, ni kazi ya miezi.

Katika dansi letu magitaa yanasukana na hayapumziki. Chemko ikianza, solo ndiye kiongozi wa msafara, na mkono wa kulia wa mpigaji wetu una nguvu na wepesi ambao Wamarekani wengi wangeuonea wivu. Anapohamia soul, nguvu hiyohiyo inamponza. Anaona nafasi tupu, anaijaza. Kwenye soul nafasi ile ina mwenyewe: ni ya mwimbaji, au ya besi, au ya tarumbeta, au imeachwa wazi makusudi ili pigo linalofuata liwe na uzito. Ukiijaza umemkanyaga mwenzako. Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa mwanafunzi wa namna hii ni kuhesabu asipopiga.

Nimesema mengi juu ya mkono wa kulia. Msidhani wa kushoto naudharau. Ninachosema ni kwamba nao una habari ambayo karatasi inaificha, yaani mkono wa nani ulitunga wimbo, na ulikuwa na mazoea gani.

Otis Redding hakuwa mpiga gitaa mashuhuri. Alizituni nyuzi zake hivi kwamba ukizicharaza zote bila kubonyeza chochote unapata E meja. Kisha alilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote na kukisogeza huku na huku kwenye shingo ya gitaa. Kidole kimoja kikilala hivyo juu ya gitaa lililotuniwa hivyo hakiwezi kutoa kodi ya maina. Kila kinapotua ni meja. Sasa tazama "(Sittin' On) The Dock of the Bay", wimbo alioutunga pamoja na Cropper. Ubeti unaanza G, unakwenda B, unakwenda C, unashuka A, zote meja. Mwanafunzi aliyesoma nadharia anajua kuwa kwenye ufunguo wa G, kodi ya B kwa kawaida ni maina, na ya A vilevile. Akipiga anavyojua, wimbo unanyong'onyea. Masikio yakimwongoza atasikia kuwa kuna mwanga pale alipotarajia giza, na mwanga huo ulitokana na kidole kimoja cha mtu asiyejua kodi nyingi. Rekodi hiyo ilifanywa Novemba na Desemba 1967. Redding alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, kabla wimbo haujatoka, na mwaka uliofuata ukashika nafasi ya kwanza Marekani.

Curtis Mayfield wa Chicago alijifundisha mwenyewe. Alikuwa amezoea vibonye vyeusi vya piano, basi alipopata gitaa akalituni lifuate vibonye hivyo, yaani F# meja, na hakubadilisha maisha yake yote. Ndiyo maana vile vipambo laini vya "People Get Ready" wa mwaka 1965 vinakaa vibaya mikononi mwetu tukivipiga kwa gitaa la kawaida. Tunavitafutia njia nyingine, kama Hendrix alivyofanya: dole gumba linapanda juu ya shingo kushika uzi mnene, vidole vingine vinabaki huru kupamba. Keith Richards wa Rolling Stones naye aliondoa kabisa uzi wa sita, akabaki na nyuzi tano zilizotuniwa G meja, na "Brown Sugar" wa 1971 aliupiga hivyo. Kijana anayehangaika kuupiga kwa nyuzi sita za kawaida, akidhani vidole vyake ni vifupi, hana kosa lolote. Anapanda ngazi ambayo mwenye nyumba hakuipanda.

Tena kujua mtunzi alivyoshika gitaa kunatufariji. John Lennon alianza gitaa kwa kodi za banjo alizofundishwa na mama yake, akiziacha nyuzi nyingine bila kazi. McCartney na George Harrison wamesimulia kuwa walipanda basi kuvuka mji wa Liverpool ili wamwone mtu fulani aliyejua kodi ya B7, wakarudi nayo nyumbani. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, alikuwa mtu wa piano, na "Crazy Little Thing Called Love" wa 1979 aliutunga kwa gitaa kwa muda mfupi sana, akasema baadaye kuwa kutojua kodi nyingi kulimsaidia kwa sababu kulimbana. Kwa watu hawa uchache wa kodi ulikuwa mtaji.

Sasa nafika kwenye pingamizi ambalo najua liko ukumbini. Wapo watakaosema: kwa nini tuhangaike na kopi? Bendi ya kopi haina jina lake, na nyimbo hizi si zetu. Pingamizi hili lina historia hapa nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana na haulingani na utamaduni wa taifa. Hoja hiyo siidharau. Taifa lilikuwa na umri wa miaka minane na lilikuwa likitafuta sauti yake. Lakini hoja hiyo iliuona wimbo wa kuigwa kama mwisho wa safari, na mpiga gitaa yeyote anajua kuwa ni kituo cha kupandia.

Ushahidi upo kwenye nyimbo zilezile. Mwanzo wa "In the Midnight Hour" ni kodi zinazoteremka shingo ya gitaa kutoka D kuja B, A, G hadi E. Mwaka 1966 Cropper na Eddie Floyd walipotunga "Knock on Wood", walichukua mteremko ule wakaugeuza upande: E, G, A, B, D. Cropper mwenyewe amelieleza hilo bila aibu. Alijikopi, na kopi ikawa wimbo mpya. Keith Richards alipotunga kile kipande cha gitaa cha "Satisfaction" mwaka 1965, alikuwa akiwaza sauti ya tarumbeta. Mwaka huohuo Otis Redding akaurekodi wimbo huo na tarumbeta zikachukua mahali pa gitaa. Mwingereza aliyelelewa na muziki wa Wamarekani weusi anaigwa na Mmarekani mweusi, na anayeiga ndiye anayeufikisha wimbo kwenye sura aliyoiwaza mtunzi.

Wala barabara hii haiji upande mmoja. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na wapo wapiga gitaa wa Uingereza waliokaa na santuri ya "Masanga" wakiichambua noti kwa noti kama sisi tunavyowachambua akina Cropper. Septemba 1974 James Brown, B.B. King na Bill Withers walipanda jukwaa moja mjini Kinshasa na Franco na Tabu Ley. Hakuna aliyeshuka pale akiwa amepungukiwa.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Nimemtaja Bill Withers, na wimbo wake "Ain't No Sunshine" wa mwaka 1971 ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza. Withers alikuwa fundi kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege. Picha kwenye jalada la santuri yake ya kwanza ilipigwa hapohapo kazini, ameshika kasha la chakula cha mchana. Kodi ni A maina, E maina, G na D maina. Katikati ya wimbo anarudia maneno mawili mara 26. Alikusudia kuandika mengine mahali pale, wenzake studioni wakamwambia ayaache kama yalivyo. Vyombo vinanyamaza, inabaki sauti na mapigo ya dramu. Mpiga gitaa anayejifunza wimbo huu anajifunza kushusha mikono, na hilo ndilo somo la leo.

Usishike gitaa kwanza. Sikiliza hadi uweze kuimba mstari wa besi kwa mdomo, kwa sababu besi ndiyo itakayokuambia kodi inahamia wapi. Halafu piga mguu chini kwa kila pigo, na makofi kwenye la pili na la nne tu. Usipoweza kuvitenganisha viwili hivyo, gitaa halitakusaidia. Kisha shika gitaa, laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza, ucharaze nyuzi zilizokufa pamoja na rekodi tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi huliona zoezi hili la kitoto na kuliruka. Nyimbo zao hujulikana mara moja. Baada ya hapo ndipo uweke kodi, na ujizoeze hasa ule mpito wa E maina kwenda G na kurudi A maina, taratibu, kwa mwendo ambao hukosei. Zamani watu waliipunguza kasi santuri ya mizunguko 33 ikaenda 16, wakakubali sauti ishuke oktavu nzima mradi wasikie. Leo simu inapunguza mwendo bila kushusha sauti. Itumie.

Vidole vitauma. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Cha mpiga gitaa huvikwa sugu kwanza. Lakini kabla hujavilaumu vidole, kagua gitaa. Magitaa mengi ya bei nafuu yana nyuzi zilizokaa juu mno ya shingo, na hakuna mkono utakaobana vizuri hapo. Mpelekee fundi azishushe. Kama F# maina ya "Stand by Me" inakushinda kwa kuwa inataka kidole kilichonyooka juu ya nyuzi zote, funga kapo kwenye freti ya pili na upige G, E maina, C na D. Sauti itatoka ileile ya rekodi na kidole kitapata muda wa kukomaa.

Kisha jirekodi. Simu haina upendeleo. Sikiliza kama mgeni: je, pigo la nne linafika pamoja na dramu, au unalikimbilia? Kodi inazimwa au inaning'inia? Ukiridhika, tafuta mwenzako wa kupiga naye, hata kama ana ngoma moja tu au debe. Nyimbo hizi zilitengenezwa na watu waliokaa chumba kimoja wakitazamana, na mtu anayepiga peke yake chumbani hujipatia uhuru wa kuchelewa na kuwahi ambao hakuna bendi itakayompa.

Ombi langu la mwisho ni hili. Kaeni na wimbo mmoja muda mrefu kuliko mnavyoona ni busara. Jueni nani alipiga nini, alishika gitaa namna gani, aliacha nafasi wapi na kwa ajili ya nani. Mtu akikuuliza unajua nyimbo ngapi, mtajie idadi ndogo. Akikuuliza unajua nini juu ya "In the Midnight Hour", mweleze mpaka aombe ruhusa ya kuondoka.

Sasa niko tayari kwa maswali, na wenye magitaa yatoeni mifukoni.